Kartoni ya Madirisha Matatu

Hivi karibuni nilikuwa Kolwezi kwa harusi ya mtoto wa dada yangu, na asubuhi wanawake wa jikoni wakanituma soko la Manika nikatafute uzi mweupe. Muuzaji wa uzi alikuwa kijana aliyetandaza turubai chini. Juu ya turubai hilo, katikati ya vifungo na zipu, alikuwa ameweka sindano zake ndani ya kartoni ndefu, nyembamba, yenye madirisha matatu ya duara ubavuni. Nikachuchumaa mbele yake na kukaa hivyo muda mrefu, mpaka kijana akaanza kunitazama kwa wasiwasi.

"Mama, unatafuta sindano?"

"Natafuta ile kartoni."

"Hii? Hii ni kitu ya zamani, mama. Niliikuta mu nyumba yenye tulipangaka. Pengine ilikuwa ya dawa."

Haikuwa ya dawa. Ilikuwa ya mipira ya gofu. Ndiyo, gofu, usicheke. Kama hukukulia kwenye nyumba za kampuni enzi zile, itakuwia vigumu kuamini kwamba kipande hicho cha karatasi ngumu ndicho kitu kizuri kuliko vyote nilivyokuwa nimeviona duniani, na dunia yangu wakati huo haikwenda mbali kuliko ulipoishia mtaa wetu.

Wazungu na wakubwa wa kampuni ya migodi walikuwa na uwanja wao wa gofu. Mwezi wa nane, wakati vumbi jekundu limejaa hadi kwenye sufuria za chakula, majani ya pale yalibaki mabichi, na sisi watoto tulisimama nje ya uzio kuyatazama tu. Baba wa nyumba ya jirani alikuwa mtunza depo, yaani stoo, ya kilabu cha uwanja huo. Yeye ndiye aliyetoa mipira mipya kabatini na kuwakabidhi wachezaji. Alikuwa mtu wa viatu vinavyong'aa na maneno machache. Wazazi wake walitoka mkoa wa Kasai kuja Katanga kufanya kazi ya reli, lakini yeye mwenyewe alizaliwa Kolwezi, na binti yake alizaliwa Kolwezi, na mimi vilevile. Binti huyo alikuwa rika langu. Ukuta kati ya ua wetu na wao ulikuwa na tundu tulilolipanua wenyewe kwa kijiko, na watu wazima wa pande zote mbili walijifanya hawalioni.

Mipira ilikuwa ya kilabu, ila kartoni tupu baba wa jirani aliruhusiwa kuzichukua, na kila Ijumaa tulimsubiri mlangoni. Ah, ndugu yangu, zile kartoni! Kila moja ilibeba mipira mitatu, na kila mpira ulikuwa na dirisha lake la duara lililofunikwa na karatasi ya kuonea. Ndani mlibaki harufu ya mpira mpya na rangi. Kila mpira, baba wa jirani alitueleza, ulikuja umevikwa karatasi nyeupe laini iliyosokotwa ncha zote mbili kama peremende. Nilikuwa nikijiuliza, ni nani huko mbali aliyekaa akaufikiria mpira kiasi hicho, kwamba usikwaruzwe, usiguse mwenzake, na upate pa kuchungulia njiani? Hata leo swali hilo bado linanishangaza.

Karatasi zile, alizotuletea pia, hazikutupwa. Bibi yangu, ambaye sote tulimwita kambo, alizinyoosha kwa kiganja na kuzihifadhi ndani ya kitabu chake cha sala. Mama wa jirani alizitumia kufungia kalanga za kukaanga alizouza langoni, na nadhani mtaa wetu ulikuwa wa pekee Katanga nzima ambako kalanga ziliuzwa zikiwa zimevaa kizungu.

Kartoni zenyewe zikawa treni yetu. Tulizifunga moja nyuma ya nyingine kwa uzi, na abiria walikuwa kokwa za avoka, yaani parachichi, ambazo zilienea dirishani bila kulegea. Kila kokwa tuliivika karatasi yake laini kabla ya safari. Treni yetu ilikwenda Kasaji, ilikwenda hadi baharini tusikokujua, kisha ikarudi jikoni kwa kambo kupakia mkaa. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupanda treni ya kweli. Tulisikia honi yake tu. Lakini tuliijua vizuri, au ndivyo tulivyoamini. Ndani ya treni kila mtu hupewa dirisha lake la duara, na kitu laini cha kujifunika, na hakuna anayesukumwa.

Kisha mambo yakaharibika. Mishahara ilichelewa, halafu haikuja kabisa. Maduka yakaporwa, Wazungu wakaondoka, na majani ya gofu yakakauka yakawa na rangi ileile ya kila mahali. Siku kilabu kilipofungwa, baba wa jirani alirudi na kartoni moja isiyofunguliwa. Ndiyo aliyopewa kama asante ya miaka yake yote.

Aliiweka mezani, akanawa mikono, akatuita. Aliutoa mpira mmoja, akafungua ncha za karatasi taratibu, akauweka kwenye kiganja changu. Ulikuwa baridi, mzito kuliko nilivyotazamia, na mweupe hata nikaona aibu kwa vidole vyangu. Vishimo vyake vilipangika kote bila kosa. Rafiki yangu naye alifunga macho akaugusisha kwenye shavu.

Kambo, aliyekuwa amekuja kuazima chumvi, aliuangalia kwa makini akamuuliza baba wa jirani, "Tata, unaweza kunipatia hii? Kuku yangu inakimbia yai yake. Ikiona hii, itaikala juu yake."

Baba wa jirani alicheka, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, akampa. Na kweli, kuku alipowekewa mpira ule kiotani alitulia juu yake kwa heshima zote, akaanza kutaga pembeni yake.

Hazikupita siku nyingi maneno yakaanza. Yalianzia redioni, yakaja mikutanoni, mwishowe yakawa midomoni mwa watu tuliowajua kwa salamu zao. Watu wa Kasai warudi kwao. Vijana walipita mtaani wakigonga milango, na asubuhi moja ikawa zamu ya mlango wa jirani. Jioni yake baba wa jirani alisimama kwenye tundu la ukuta, yeye ambaye siku zote alipita langoni, akamwambia kambo:

"Mama, banasema niende kwetu. Kwetu ni wapi? Mi nilizaliwa hapa."

Kambo alishika tofali la ukuta kwa mikono miwili. "Lete batoto bakule kwanza," alisema. Mpaka leo sijamsikia mtu mwenye jibu bora.

Walihamia kituo cha treni pamoja na wengine wengi, wakalala nje wakisubiri. Kambo alinituma kila siku na bukari, ndio ugali wetu, na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Kulikuwa na moshi, kikohozi, watoto wanaoharisha, na asubuhi nyingine ulimkuta mama ameketi mgongo mtupu, bila mtoto aliyembeba jana, halafu watu wanakuonyesha kwa macho tu usimuulize. Niliyaona yote hayo. Lakini mimi na rafiki yangu tulikuwa na jambo letu: angepanda treni! Nilimwonea wivu hadi nikalia nyumbani nikitaka kwenda naye. Yeye alikuwa ameishika kartoni ile ya mwisho, ambayo mipira yake miwili iliyobaki baba yake aliitoa akabadilisha na unga.

"Mi nitaikala ku dirisha ya kwanza," aliniambia. "We simama hapa, utaniona. Na ile ya mwisho nitakuchungia we. Siku utakuya, itakuwa yako."

Hicho ndicho nilichokitaka maishani wakati huo, kumwona dirishani. Treni ilipofika nilikuwa mbele, nimeshika sketi ya kambo.

Yalikuwa mabehewa ya mizigo. Chuma kitupu chenye kutu, mlango mmoja mkubwa katikati, na watu wanaorusha masufuria na magodoro na wazee ndani. Nilitazama ubavu wote wa treni ile, kutoka kichwa hadi mkia, halafu nikaanza tena upya, kwa sababu nilidhani ni mimi nisiyejua kuangalia.

"Kambo, madirisha iko wapi?"

Kambo alinivuta akanibana kwenye kitenge chake. Honi ikalia. Nilijichomoa nikakimbia kando ya mabehewa nikiita, na ndipo, katika mlango uliojaa vichwa na mabunda, nikamwona baba wa jirani amembeba binti yake mabegani.

Na rafiki yangu alikuwa na dirisha. Alikuwa ameibandua kartoni upande wa nyuma akaiinua mbele ya uso wake kwa mikono miwili, na macho yake yalikaa sawasawa ndani ya madirisha mawili. Hakupunga mkono, maana mikono ilikuwa na kazi. Alinitazama hivyo mpaka treni ikapinda. Dirisha la tatu lilikuwa tupu.

Sikumwona tena. Nimewauliza watu waliorudi, nimeuliza hata wasafiri nisiowajua. Kambo aliuacha mpira ule kiotani; kuku walikufa, wakaja wengine, na kila mmoja alitaga pembeni yake. Kambo naye ameondoka duniani. Pale kwenye uwanja wa gofu sasa kuna nyumba, na wanaokaa humo hawajui kwamba kulikuwa na majani mabichi, wala kwamba aliishi mtu aliyenawa mikono kabla ya kufungua mpira.

Kijana wa sokoni alimwaga sindano zake kwenye turubai akanipa kartoni bure, nadhani ili niondoke. Niliporudi kwenye harusi wanawake wakaniuliza uzi uko wapi. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jiko, kartoni nimeishika kwa mikono yote miwili, na kidole changu kilikuwa kwenye dirisha la mwisho.