Walioitikia Bila Kuuliza

Mama yangu hajawahi kuielewa kazi yangu, na wala hafichi. Nikifika nyumbani Kasulu ananipa kiti, ananiuliza habari za njiani, kisha anataka kujua kama bado nalipwa kuwafundisha watu wazima kuwa watu wazima. Namwambia nawalea viongozi wa mashirika, hasa yale yaliyoanzishwa kwa imani au kwa huruma, ili yabadilike inapobidi bila kutupa kile kilichoyazaa. Safari moja alinisikiliza mpaka mwisho. "Basi ni ukunga," akasema, akaendelea kuchambua maharage.

Wenzangu wa kazi hii ni wapole, wana sauti za kubembeleza. Mimi nina hasira za karibu, na sijaona sababu ya kuziombea radhi. Nikiona shirika limebandika ukutani neno "utu" huku mlinzi wake ananyeshewa getini, huwa nasema hapo hapo, na chai inapoa.

Shirika ninalotaka kulisimulia liko Kibondo. Lilianzishwa na akina mama waliochoka kuwazika wenzao waliofia njiani wakienda kujifungua. Walijenga nyumba kijijini Murungu, tofali wakifyatua wenyewe, ili mjamzito anayetoka mbali aje kukaa siku zake za mwisho, apike, apumzike, na uchungu ukimshika gari liwe karibu. Basi. Hawakuwa na dhamira nyingine, na hiyo moja ilitosha kuwaamsha alfajiri.

Miaka ikaenda, shirika likakua, likapata mkurugenzi kijana kutoka mkoa mwingine. Alikuwa msomi, mchapakazi, mwenye adabu. Sikumchukia na simchukii leo. Mpango wake ulikuwa kuifunga nyumba ya Murungu na kuhamishia kila kitu Kasulu, karibu na kambi ya Nyarugusu, kwa kuwa huko ndiko magari ya wafadhili yanakoelekea. Kambini kuna shida ya kweli, hilo silibishi. Nimekaa na akina mama wa Kikongo pale nikasikia mengi. Lakini kambini mashirika yanapishana mabango, na Murungu ilikuwa na nyumba hiyo peke yake.

Aliniita niendeshe semina, niwasaidie wafanyakazi kuyapokea mabadiliko. Ukutani alikuwa amebandika tunu zao: uwazi, ushirikishwaji, ubunifu. Alieleza mpango kwa picha nzuri, kisha akauliza kama wote wako pamoja. Wakaitikia kwa sauti moja, "Ego," ndiyo ya kwetu. Akauliza kama kuna swali. Hakukuwa na swali. Wakainuka taratibu kwenda kunywa chai.

Mimi nilibaki nimekaa, na damu ilikuwa imeanza kunichemka. Nimezaliwa Buha, nchi ya Waha, nimelelewa na watu hawa. Kwetu mtu anayekubali huuliza. Ukimwambia njoo tulime wote, atauliza ni lini, jembe la nani, watoto watabaki na nani. Maswali ndiyo kukubali kwenyewe. Lakini aliyekataa, na anayekuheshimu, atasema ego upesi, atavaa viatu vyake na kuondoka, na jambo lako utaliona likifa polepole bila kumjua aliyeliua.

Mkurugenzi alinifuata barazani akiwa amefurahi. Alisema bodi inakaa kesho yake, na kwamba mimi nitasimama kidogo tu kuthibitisha kuwa wafanyakazi wameafiki kwa hiari. Nilimwambia hawajaafiki, wamekataa wote. Akacheka, akidhani namtania. Nilipomweleza, alisema yeye anafanya kazi na yanayosemwa, si yanayokisiwa, tena akanikumbusha kwa upole kuwa mashirika mengine humuuliza yeye ni nani wamwite kuwafundisha. Nilimwelewa vizuri. Nilimjibu kuwa kesho nitakuja, na nitasema.

Jioni nilikwenda kwa msimamizi wa nyumba ile, mama wa makamo aliyekuwapo tangu tofali la kwanza. Nilitegemea nitamkuta analia au anapanga vita. Nilimkuta anamenya mihogo. Nilimuuliza kwa nini alinyamaza kwenye semina.

"Mkubwa habishiwi mbele za watu," alisema. "Na wewe ni Muha, unajua."

"Najua, mama. Ndiyo maana nimekuja. Kule kijijini ego yenu ingeua mpango. Hapa itapelekwa kwenye bodi na kuwa ruhusa, na nyumba itafungwa kwa heshima yenu."

Aliweka kisu chini. Sikumbembeleza. Nilimkasirikia yeye kama nilivyomkasirikia mkurugenzi, maana heshima inayomwacha mjamzito njiani mimi siitambui, hata kama nimeinyonya kwa mama.

Kesho yake bodi ikakaa, wafanyakazi wakiwa wamepangwa kwenye viti vya nyuma. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu, mmoja wa akina mama wale waasisi, na ilionekana usoni kuwa ameshajiandaa kushindwa. Mkurugenzi alieleza, akasema wafanyakazi wote wameafiki, akanikaribisha.

Nikasimama. "Hawajaafiki," nikasema. "Mkurugenzi, taja swali moja tu uliloulizwa kuhusu kuhama."

Alisema mpango ulikuwa wazi, ndiyo maana hawakuuliza. Watu wa bodi waliokuwa Waha wakatazama sakafu, na mwenyekiti akainua kichwa. Alikuwa ameelewa.

Nikadhani nimepoteza yote, kazi na nyumba pia. Ndipo msimamizi akasimama kule nyuma, ameshika kingo za kitenge chake.

"Mkurugenzi, mwanangu," alisema, "mama akitoka kule mbali Nyabibuye na uchungu, akute mlango umefungwa, atalala wapi?"

Mkurugenzi akaanza kueleza juu ya usafiri wa baadaye. Msimamizi hakukaa. Akauliza tena, atalala wapi. Dereva akasimama, akauliza ni nani atampeleka kutoka Kibondo mpaka Kasulu, barabara ile, wakati wa mvua. Muuguzi akauliza kama walioijenga nyumba waliulizwa. Maswali yakaja juu ya maswali, na haya hayakuwa ya kukubali, yalikuwa kukataa waziwazi; Kiswahili kikaisha wakaingia Kiha, na mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyetafsiri. Bodi ikaamua nyumba ibaki, na la Kasulu liletwe upya baada ya kwenda Murungu kuongea na wenyewe.

Mkurugenzi alinikuta nje nikitafuta gari. Hakupaza sauti. Alisema nimemwaibisha mbele ya watu wake, kwamba aliniajiri nilete mabadiliko, na kwamba hataniita tena wala hatanisifu popote. Ametimiza ahadi hiyo, na mapengo kwenye kazi zangu nayaona mpaka leo.

"Mabadiliko nimekuletea," nilimwambia siku ile. "Leo watu wako wamekukatalia usoni."