Mifuko Saba ya Unga

Niliishia darasa la nne, lakini nyumba ya kwanza ya bati mtaani kwetu Bariadi ni yangu. Soko huria lilipoingia na watu binafsi wakaruhusiwa kununua pamba, mimi nilikuwa nimeshazunguka Kasoli nzima na mizani yangu. Wakulima wakawa wanaleta pamba hadi barazani kwangu, wakiwapita wanunuzi wenye magari. Sababu niliijua: akili.

Nilipopata, nikajaza stoo. Tambi, jemu, maziwa ya kopo, kila kipya cha dukani nilibeba. Panya wakala. Sisi tukaendelea na ugali na michembe, vile viazi vyetu vya kuanika.

Mke wangu, mtu wa Ipililo, akaniambia, "Baba watoto, hili ni duka au stoo? Tubakize tunachokula. Kila Jumapili nitapanga chakula cha wiki, nipime unga mifuko saba, mmoja kwa siku, pipa lifunikwe mpaka Jumapili nyingine."

Nikamtazama. Mwanamke anayepunguza vitu nyumbani anavipeleka wapi? Huko kwao Ipililo ana kaka watano, na wote wamenenepa.

Nikakubali, ila na mtego wangu. Alipomaliza kupima, nilikandamiza kiganja juu ya unga uliobaki pipani. Mkono wangu wa kulia una vidole vinne. Kimoja kilikatwa na plau nikiwa kijana. Nani angeuiga?

Jumatano nikafunua pipa. Unga umesawazishwa, alama hakuna.

Sikuuliza. Nikamwambia, "Kusanya nguo zako. Kaka zako wameshiba unga wangu vya kutosha."

Hakulia. Alikunja kanga zake, akavaa viatu. "Naenda. Ila usije kunifuata na ng'ombe wa kuomba radhi."

Mama yangu, niliyekuwa nikiishi naye, alikuwa uani akichambua dagaa. Akaja mlangoni na ungo wake.

"Mwache mwenzako. Unga nachota mimi."

"Mayu! Wewe, mama? Kwani hushibi?"

"Mimi nashiba. Ila wiki yenu haina mgeni. Hao wanaokaa barazani tangu alfajiri wakikusubiri urudi, unadhani wanakula nini? Mizani yako?"

"Wananifuata kwa sababu siwaibii."

"Na jirani mnunuzi mwenzako anawaibia? Kwake hawapewi hata maji. Na wewe acha kuchezea unga. Nimefunua nikakuta alama ya vidole vinne, nikasawazisha mimi."

Mke wangu alinitazama, kisha akautazama mkono wangu. Nikauficha nyuma.

Kuomba radhi sikufundishwa. Shule yangu haikufika huko. Nikachukua mfuko mtupu, nikachota unga, nikauweka pamoja na ile ya siku zilizobaki.

"Huo wa siku gani?" mke wangu akauliza.

"Wa barazani."

Akaunyanyua, akaupima kwa mkono. "Watu wazima hawa, wametembea toka Kasoli. Hautoshi." Akaongeza vibaba viwili, akaufunga.

Ndipo akavua viatu.