Bingwa wa Mto Asiyejua Kuogelea

Ukiulizwa nani alikuwa mpiga kasia bora kuliko wote mjini Lyon, taja jina langu, Joanny wa Saint-Georges, wala usione haya. Shule niliikimbia kabla haijanifundisha kugawanya, lakini mto Saône naujua kama mfuko wa suruali yangu. Hata hivyo leo sijisifu. Sijisifu sana. Leo namzungumzia Anthelme Perrachon, kinyozi wa mtaa wetu.

Kila Jumapili ya kiangazi Anthelme alisimama juu ya jukwaa kwenye tezi, huko nyuma ya mashua yetu, ngao ya mbao kifuani, ufito mrefu kwapani, akimsubiri mtu wa mashua ya pili aje wasukumane. Anayeanguka majini kashindwa. Ndiyo starehe yetu tangu enzi za babu zetu. Watalii wakishachoka kutazama makanisa hujazana ukingoni na aiskrimu zao, wanapiga picha.

Anthelme hakuwa akianguka. Miaka nenda, miaka rudi, wenzake wanachovywa kama mkate kwenye mchuzi, yeye mkavu. Watu wakasema miguu yake ina mizizi. Mizizi gani! Ilikuwa woga. Jamaa alitoka milimani, kwenye mbuzi, akaja mjini ndevu zimeshaota. Kuogelea hakujua hata kidogo. Na katika chama chetu cha wapiga makasia hakuna aliyewahi kumwuliza mtu kama anajua kuogelea. Ni kama kumwuliza kama anajua kutafuna. Basi akanyamaza, akapanda, akashinda. Kabla ya hapo walimwita mshamba. Baada ya hapo duka lake likajaa, na wakubwa wa mtaa wakamwinulia kofia. Sasa angeanzia wapi kusema?

Siri hiyo nilipewa na mkewe, Clotilde, aliyenijia na sahani ya soseji.

“Shemeji, wewe unakaa kasia la nyuma. Siku akianguka, mpe kasia alishike.”

“Shemeji, kwetu mtu huogelea mwenyewe hadi kwenye ngazi. Anayeopolewa kwa kasia hapandi tena jukwaani. Wanamwita kifurushi mpaka anakufa.”

“Na wamwite kifurushi. Nitamfungua mwenyewe nyumbani.”

Nilikula soseji, nikaahidi. Kisha nikaenda kunyolewa, nikamwambia Anthelme polepole, “Mzee, si ujifunze tu? Bwawa la manispaa lipo.”

“Nipige miguu pamoja na watoto wenye maboya? Mtaa mzima unitazame?” Akainua kidevu changu. “Nyamaza, Joanny. Wembe uko shingoni mwako.”

Nikanyamaza. Mimi bingwa wa kusema, lakini si mjinga.

Jumapili ile mto ulikuwa umejaa, maji ya kahawia, mvua zilikuwa zimenyesha juu huko. Wapinzani wetu, vijana wa mtaa wa Vaise, walimpandisha muuza nyama mmoja, Barthélemy, shingo kama ya fahali.

“Babu!” akapiga kelele. “Taulo umeleta?”

“Nimeleta leso,” akajibu Anthelme, “nikufute machozi.”

Ukingo mzima ukacheka. Tarumbeta ikalia, tukavuta makasia, mashua zikapishana, ufito wa yule fahali ukampiga Anthelme katikati ya ngao. Nilisikia mbao ikilia. Nikageuka: jukwaa tupu.

Watu walishangilia kama wameona nyota ikidondoka. Akaibuka, mdomo wazi, mikono inayapiga maji.

“Tazameni! Kinyozi anapiga povu!”

Walikufa kwa kicheko. Walidhani anafanya vichekesho. Watalii nao wakainua kamera zao.

Nikamnyooshea kasia, nikalifikisha puani pake. “Shika, Anthelme! Shika, bwana wee!”

Alilitazama kasia. Akatazama ukingoni, walikokuwa majirani zake wote. Kisha akanitazama mimi, akalisukuma kasia kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayekataa kuongezewa divai.

Akaanza kuogelea. Yaani mikono aliipeleka sawasawa kabisa, kama alivyoona wengine wakifanya miaka yote ile. Mwili tu ndio haukumfuata. Ulisimama wima ndani ya maji, na maji yakaufunika.

Nilijirusha. Ninaogelea vizuri kuliko samaki wengi, nanyi mnajua, lakini maji yale hayakuonyesha hata mkono wangu mwenyewe. Niliibuka na mshipi wake mwekundu tu. Kicheko kikaisha ukingoni kipande kipande, wa mwisho kunyamaza wakiwa wale wasiojua lugha yetu. Mwili wake ulionekana kesho yake, kule mito miwili inapokutana.

Clotilde alinifungulia mlango wa duka. Alikuwa akifuta nyembe, moja moja, akizipanga.

“Kasia ulimpa?”

“Nilimpa.”

“Karibu?”

“Puani, shemeji.”

Akafuta wembe mwingine.

“Akalisukuma,” akasema.

Sikuwa nimemwambia. Nikakaa kwenye kiti cha wateja, na yeye akaendelea kufuta.