Mkunga Mstaafu na Baiskeli ya Safari

Siku ya kwanza nilipomwona mkunga mstaafu, alikuwa mlangoni pa karakana yangu akibonyeza matairi kwa dole gumba, polepole, kama anayepapasa tumbo la mjamzito. Alitaka nimuundie baiskeli ya safari ya siku tisa hadi kwa dada yake, ambaye hawakuwa wameongea naye tangu msiba wa mama yao. Nilimuuliza kwa nini asipande basi. "Basi linafika upesi mno," alisema. "Mimi ndiye niliyemkosea, siwezi kumwita aje kwangu. Na njiani nitafute la kumwambia." Alichagua kila kitu mwenyewe: fremu ya chuma, gia nyepesi za milimani, keria mbili. Kila Jumamosi alikuja kuijaribu, akazunguka uwanja mara moja na kurudi akihema. "Bado ni ndefu, fundi. Teremsha kiti." Nikateremsha. Wiki iliyofuata usukani ulikuwa mbali, nikausogeza. Mimi si msemaji, nilikaza nati tu, lakini vipimo vyangu vilikuwa sahihi. Aliyekuwa akipungua ni yeye.

Jumamosi ya mwisho mguu wake ulikataa kuvuka bomba la juu la fremu. Alijaribu mara tatu, akacheka. "Nimezalisha mji mzima, leo nashindwa na bomba!" Nikamwambia nitaikata fremu, nilishushe bomba, anipe wiki mbili tu. Akaipangusa keria vumbi kwa kiganja, taratibu, mpaka ikang'aa.

"Usikate, mwanangu. Nitafutie kalamu, nimwombe dada aje yeye."