Peremende ya Nekesa

Nilipokuwa darasa la tano pale Uthiru, waabudu shetani walikuwa kila mahali. Ndivyo tulivyoambiwa. Walikuwa na mji wao chini ya bahari, walivaa pete za nyoka, na kazi yao kubwa ilikuwa kuwapa watoto vitu vya kula. Magazeti yaliandika, redio ikarudia, na mama yangu, mwanamke asiyeamini hata utabiri wa hali ya hewa, akaanza kuombea unga kabla ya kusonga ugali.

Jumatano moja Nekesa alinipa peremende. Tulikaa dawati moja. Babake, fundi wa mawe, alikuwa ameihamishia familia Nairobi kutoka Bungoma muhula uliotangulia, na Nekesa hakuwa na rafiki ila mimi. Alikuwa nayo moja tu, akaivunja kwa meno tukagawana. Nusu ya pili aliila mwenyewe mbele yangu, lakini hilo nililifikiria nikiwa nimeshachelewa.

Alhamisi akaja mhubiri mgeni. Alitutangazia gwarideni kwamba aliyekula zawadi ya ajenti wa shetani amekwisha kuingiwa na jini, nalo hukaa tumboni likila kila anachokula. Papo hapo nikahisi kitu kikijipindua tumboni mwangu. Hatimaye nikapata dawa ya kitoto: jini likikosa chakula, litahama. Jioni ile ugali wangu nikampa mbwa wa jirani. Asubuhi nikamwaga chai nyuma ya choo, na mchana githeri yangu nikaigawa. Ijumaa jioni, tukishusha bendera, niliona bendera mbili, kisha nikaanguka.

Nilizindukia ofisini, mwalimu wa zamu akinipepea kwa daftari.

"Nani alikupatia kitu ukakula?" akauliza. "Sema tu. Hakuna mtu atakuchapa."

Nilijua vizuri kwamba ni njaa. Lakini kuitaja njaa kungenilazimu kulitaja jini, na niliogopa kukemewa mapepo mbele ya shule nzima kuliko nilivyoogopa kufa. Nikasema, "Nekesa."

Walimu wakamwita ofisini, wakaumwaga mkoba wake sakafuni. Vilitoka vitabu, kipande cha muwa, na kichwa cha mwanasesere kisicho na nywele. Mwalimu mmoja akapiga nduru. Wakamzunguka, wakamwekea mikono kichwani wote kwa pamoja, wakakemea mpaka akapiga magoti. Aliniangalia mara moja tu.

"Kwani nimekufanyia nini?"

Nikafumba macho. Baadaye nilinunuliwa soda, na nasema kwa aibu kwamba niliinywa yote.

Jumatatu nilikaa dawati peke yangu. Wengine walisema babake amemhamishia shule ya Kinoo, wengine wakasema amerudi baharini. Mimi sikumuuliza mtu.

Mwaka jana nilimpeleka mwanangu kliniki moja Kilimani. Muuguzi alisoma jina langu kwenye fomu, akanitazama. Nilimtambua kabla hajafungua mdomo.

"Wewe ndiye ulianguka," Nekesa akasema. "Ulipona?"

Nikamwambia ilikuwa njaa. Nikaeleza yote pale pale, jini, mbwa, chai, nikijikwaa kwa maneno huku mtoto akinivuta sketi. Nikamwomba msamaha. Alisikiliza hadi mwisho, fomu bado mkononi.

"Mimi nilijua ni mimi," akasema taratibu. "Watu wazima wote walisema hivyo, sasa ningekataa aje? Nilikuwa naomba kila siku usikufe. Halafu miaka mingi sikuweza kupea mtu kitu kwa mkono, hata maji. Naweka kwa meza, achukue mwenyewe."

Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimejiandaa kwa siku ya kukutana naye. Nilijiandaa kutukanwa, na siku za matumaini, kusamehewa. Sikuwahi kuwaza kwamba katika shule nzima, aliyeniamini kuliko wote alikuwa yeye. Mimi nililiogopa lile jini usiku mmoja na mchana mmoja. Nekesa alijiogopa mwenyewe hadi akawa mtu mzima.