Binti wa Sindano ya Magunia

Katika ghala moja la mboga na matunda kule Hayes, magharibi ya London, si mbali na uwanja wa ndege, hakuna anayeogopwa kama Teresia. Si msimamizi, wala hana cheo chochote. Kazi yake ni mizani. Visanduku vya maharage machanga na parachichi vinapita mbele yake, naye anachomoa kimoja, anakipima, na kikipungua au kuzidi hata kwa gramu kumi anakirudisha kwa aliyekifunga. Ian, msimamizi wao, alishamsihi alegeze kidogo siku ndege zinapochelewa. Akajibiwa kwamba akitaka mtu wa kulegeza atafute mwingine. Wenzake husema mama huyu ameumbwa hivyo. Wangejua!

Teresia ana miaka hamsini na mitatu. Alikuja London akiwa na ishirini na mitano, kusomea ukatibu, akaacha masomo katikati, akaolewa na Wanjohi, dereva wa basi kutoka Kenya, mtu mpole asiyependa makelele. Hawakujaliwa mtoto. Wanjohi alipofariki, nyumba ikawa kubwa ghafla, na hiyo nyumba yenyewe ni chumba na sebule tu. Jumapili ndizo zilizomshinda. Alivaa vizuri, akaenda misa, akarudi, akajifungia mpaka Jumatatu.

Ndipo akaja Dinah, binti wa kufunga visanduku. Siku ya kwanza tu alisikika akiongea Kibena kwenye simu, na mkono wa Teresia ukasimama juu ya mizani. Wakati wa chai alimfuata. "Kamwene," alimsalimia kwa lugha hiyo, na Dinah nusura amwage chai kwa furaha. Kwao Dinah ni Mtwango, mji mdogo wa wakulima kule Njombe. "Na wewe dada, kwenu wapi?"

"Njombe mjini," alijibu Teresia.

Uongo mtupu. Kwao ni hapo hapo Mtwango, nyuma ya soko la viazi, na hakuna mkulima wa wakati ule asiyemjua Mgaya, baba yake. Lakini jina la Mgaya alikuwa ameliacha zamani. London nzima inamjua kama Teresia Wanjohi.

Miaka minne wakawa kama ndugu. Dinah alipojifungua, mumewe Cédric akiwa kazini, ni Teresia aliyeshikwa mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Ulipokaribia ubatizo, Dinah alimwambia wazi kwamba mama wa ubatizo atakuwa yeye na si mwingine. "Ila mama yangu amekuja kutoka nyumbani kunisaidia mtoto. Lazima akuone kwanza, dada. Si unawajua wazee wetu."

Furaha iliyompata Teresia alishindwa kuificha. Angekuwa na mtoto wa kumwita wake, na mahali pa kwenda Jumapili. Hofu nayo ilikuwapo, asiseme haikuwapo. Lakini alijitazama kwenye kioo akajiambia: miaka thelathini, mwili umeongezeka, mvi kichwani, nani atanikumbuka? Jumapili hiyo alipanda basi na mfuko wa unga wa ulezi mapajani.

Mama Chaula, mama yake Dinah, alimpokea mlangoni kwa mikono miwili. Mwanamke mwembamba, sabini na kitu, amefunga kitenge juu ya sweta mbili. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu. Huyu ndiye aliyemshika mkono Dinah? Mungu akuzidishie." Akamwekea mtoto mapajani kabla hata hajavua koti. Macho yake yalipita usoni mwa Teresia yakaenda zake, naye Teresia akashusha pumzi.

Chakula kilikuwa ugali, maharage na viazi vya kuchemsha. Mama Chaula alinyanyua kiazi kimoja akakicheka.

"Juzi Dinah kanipeleka dukani. Viazi vimefungwa kimfuko, kimeandikwa kilo mbili na nusu. Nikasema, haya, ngoja tuone. Nikaweka kwenye mizani yao. Kilo mbili na nusu. Nikatoa, nikaweka tena. Mara tatu, Dinah akawa ananivuta mkono kwa aibu. Kilo mbili na nusu kweli kweli! Nikajiuliza, hawa watu hawajui lumbesa?"

"Mama, si nilikwambia? Dada Teresia ndiye anayepima kazini kwetu," alisema Dinah. "Hata gramu kumi hazimpiti. Tunamwogopa!"

"Hiyo ni kazi ya Mungu," alisema mama Chaula, na akamgusa Teresia begani. "Sisi tungekuwa na mmoja tu kama wewe pale sokoni."

Kwa asiyeijua lumbesa, ni hivi. Mkulima analeta viazi sokoni, na hapo bei ni ya gunia, si ya kilo. Gunia linajazwa mpaka mdomoni. Badala ya kulifunga, dalali anaagiza mdomo uongezwe kwa wavu wa kamba, viazi vingine vipangwe juu, mpaka gunia linaota kichwa kama limevaa kilemba na kuwa kimo cha mtu. Ni gunia moja na nusu, linahesabiwa moja. Mkulima anaona kwa macho yake. Lakini lori la kwenda Dar linaunguruma, viazi vikilala vinaoza, na dalali wa pili anafanya yale yale, basi anakubali. Vilemba vya magunia yale lazima vishonwe na mtu. Kwa Mgaya, mmoja wa madalali hao, mshonaji alikuwa binti yake aliyemaliza kidato cha nne, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa mdomo.

"Mwaka ule mvua ilitukubali," mama Chaula aliendelea. "Baba Dinah alikuwa amekwisha kupanga. Mkubwa wetu anaendelea na shule, paa tunaliezeka. Tukapeleka viazi kwa Mgaya. Alikuwa na binti pale, ana sindano ndefu ya kushonea magunia. Nikamwambia, mwanangu, huoni limejaa? Akanitazama, akasema, 'Mama, gunia hili bado lina njaa.' Watu wote wakacheka. Wapagazi wakacheka, hata baba Dinah alicheka kidogo, angefanyaje? Tulirudi nyumbani hatusemezani. Mkubwa wetu shule ikaishia pale. Mpaka leo yupo pale Mtwango anapalilia mashamba ya watu."

"Huyo binti sijui alikuwa mtu gani," alisema Dinah. "Dada yangu mpaka leo akiumwa mgongo anamtaja."

Teresia alihisi uso wote unawaka. Neno lile lilikuwa lake. Wala hakulisema siku ile tu. Alilisema kila siku ya gulio kwa miaka minne, kwa sababu lilichekesha, na kwa sababu baba yake alifurahi na kumsifu mbele za watu kwamba ana kichwa cha biashara. Wakulima hawakumbuki sura yake. Wanakumbuka utani wake. Na karo ya ukatibu, na tiketi ya ndege, vilitoka kwenye vilemba vile alivyovishona mwenyewe. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani, aibu ya kutamani sakafu ifunguke, na mtoto wa watu amelala mapajani mwake.

Angeweza kunyamaza. Hilo alilijua vizuri. Angekula, angeaga, na Jumapili mbili baadaye angesimama kanisani amembeba mtoto huyu mbele ya padri, na mama Chaula angemwombea mpaka siku ya kufa. Alirudisha tonge sahanini.

"Mama," alisema. "Yule binti ni mimi. Mimi ni Teresia wa Mgaya."

Dinah alianza kucheka, akidhani ni mzaha. Kisha akamtazama usoni, akaacha.

Mama Chaula aliweka kiazi chake sahanini. Alimkagua Teresia taratibu kuanzia kichwani, safari hii kwa makini. Hakupandisha sauti.

"Ulikuwa unajua?"

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea, na Teresia aliuona. Angesema alikuwa mdogo. Angesema ni baba aliyemtuma, na baba yuko kaburini, hawezi kubisha. Wangemhurumia. Lakini alikuwa na miaka ishirini na kitu siku ile, na aliijua hesabu ya gunia kuliko wapagazi wote.

"Nilikuwa najua, mama."

Mama Chaula alitikisa kichwa mara kadhaa. Akainuka, akamchukua mtoto kutoka mapajani mwa Teresia kwa upole, akamkabidhi Dinah. Kisha akarudi kukaa.

"Kula, mwanangu. Chakula kinapoa."

Alikula, kwa sababu kuondoka kungekuwa matusi mengine juu ya yale. Alikula ugali wote na viazi viwili, machozi yakimchuruzika. Dinah alikuwa amempa mgongo, anamnyonyesha mtoto dirishani.

Kazini Dinah aliomba kuhamishiwa upande wa maua. Siku kumi hawakuonana. Siku ya kumi na moja ulikuja ujumbe kwenye simu: "Mama anasema uje ubatizoni. Ni mama anayesema."

Teresia aliusoma mara nyingi, na kila alipofika kwenye sentensi ya pili aliona aibu upya. Hata hivyo alikwenda. Alikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Aliyembeba mtoto mbele ya padri alikuwa Shiku, binti wa Kikenya wa kwaya, wala hakukosea jibu hata moja. Maji yalipomwagwa, mtoto alilia, watu wakacheka, na Teresia akatazama chini.

Nje, mama Chaula alimwendea mwenyewe, akamshika mikono yote miwili, akamwambia asante kwa kuja. Alikuwa anamaanisha, ilionekana, na hilo lilimwumiza Teresia zaidi. Dinah alikuwa nyuma yake na kigari cha mtoto. Miaka minne yote hawa wawili walisalimiana kwa mambo na poa, na kugongana mabega kama watoto wa shule. Leo Dinah alisimama hatua mbili mbali, akakunja magoti kidogo, macho chini, vile wakulima walivyokuwa wakifika mbele ya Mgaya siku ya gulio, hata waliomzidi umri.

"Shikamoo," alisema.

Teresia alitafuta jibu lingine, lolote lile. Watu walikuwa wanapita na kamera zao, na Dinah alikuwa bado amekunja magoti, anangoja.

"Marahaba," alisema Teresia.