Papa wa Kimulot

Mshauri wa watoto waliofiwa alitufikia Kimulot na gari jeupe, sanduku la mchanga na vikapu viwili vya vinyago vya plastiki. Mchanga wenyewe ulikuwa umechungwa, mweupe kama sukari. Mtoto apewe tu mchanga na vinyago, alituambia pale ukumbi wa kanisa, atajenga yaliyo moyoni bila kuulizwa. Na kazi yake, akasema mkono kifuani, inaheshimu kila utamaduni. Sawa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na kupona tulihitaji, maana binti wa marehemu kaka yangu hakuwa ametamka neno tangu baba yake afariki.

Nilichungulia hivyo vikapu vya kila utamaduni. Kulikuwa na ngome za wafalme wa Ulaya. Joka linalotema moto. Nguva wa nywele za dhahabu. Mtu wa theluji, ati! Ng'ombe hakuna. Nchi hii ya chai na maziwa, jamani, hata ndama tu! Mwanamume alikuwa mmoja, mzungu wa tai na mkoba.

Mtoto alipapasa mchanga, akatafuta kikapuni, akatafuta tena. Halafu midomo ikafunguka, nami nikashika kiti.

"Papa," akasema.

Sisi Wakipsigis hatuzigombanishi b na p. Baba akipita kwenye ndimi zetu anaweza kutoka papa, na hakuna mtu Kimulot atakayeshtuka. Lakini mshauri alikuwa mtu wa Pwani, Kiswahili kimenyooka, na kwake papa ni yule samaki mla watu. Na kumbe alikuwa naye! Akamtoa kikapuni kwa furaha, meno wazi, akamkabidhi mtoto ambaye maji mengi aliyowahi kuona ni ya bwawa la ng'ombe.

"Papa huyu hapa. Anakutisha?"

Mtoto akamwangalia samaki, akaniangalia mimi, akafunga mdomo. Mshauri akaandika kitu.

Aki, hasira niliyoshikwa nayo! "Dada, anaita baba yake! Baba! Huyo samaki wako mrudishe Mombasa!"

Kusema haki, aliona aibu. Alipiga magoti, akamwomba mtoto msamaha, akamuuliza pole pole, "Baba yuko wapi, mama?"

Mtoto akavua gambuti yake moja, kiatu cha mpira cha aina ile ile baba yake alivaa akienda kuchuma chai, akailaza katikati ya sanduku. Akaanza kuifunika kwa mikono miwili. Machozi yalinitoka kabla sijajua ninalia nini.

"Lala, papa," akasema.

Aliendelea kurundika hadi mchanga ukamwagikia zulia la kanisa, na mshauri akainuka amzuie. Nikamshika mkono.

"Wacha, dada. Siku ya mazishi tulimficha kwa jirani, tukasema watoto wasione. Mwache amzike baba yake."